Tukibomoa Daraja la Zamani, Tubakize Nini?

Anayetoka Kasulu kwenda Kibondo hawezi kukwepa maji. Nchi yetu ni ya vilima. Chini ya kila kilima kuna bonde, na katika kila bonde kuna kijito, na vingi kati ya vijito hivyo huishia Mto Malagarasi. Wazee wetu walipomwelekeza mgeni njia walimhesabia vijito: vuka viwili, ukifika cha tatu usivuke, fuata ukingo. Kwa hiyo huku kwetu daraja si jambo la wahandisi peke yao. Ni jambo la kwenda shambani, sokoni, zahanati, shuleni na kanisani.

Tunaoandika haya ni waumini wa kanisa dogo la kijijini, upande wa Kasulu. Kati ya kanisa letu na zahanati kuna kijito. Kwa miaka mingi tulikivuka kwa daraja la magogo, na sasa tunakivuka kwa daraja la mawe. Katika kuliacha lile na kulipokea hili tulikosea mara mbili, na makosa hayo mawili yalikuwa kinyume kimoja kwa kingine. Tumeona ni vema kuyaandika, kwa sababu swali lililotushinda sisi litawafikia na wengine: kitu cha zamani kinachopendwa na wote kinapochakaa, tuachie nini kiende, na tushike nini?

Daraja la magogo

Daraja letu la zamani lilikuwa magogo matatu ya mninga yaliyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, juu yake fito zilizokingamishwa, na juu ya fito udongo ulioshindiliwa. Daraja la namna hiyo halijengwi mara moja likaisha. Mchwa hula, maji hula, magurudumu hula. Kila Septemba, kabla mvua hazijaanza, mwenyekiti wa kijiji aliitisha watu, na watu walikuja. Kila ukoo ulijua zamu yake ya kutoa gogo. Wanaume walikata na kubeba, vijana walichimba udongo, akina mama walipika maharage na ugali wa muhogo. Siku hiyo hakuna aliyeulizwa anasali wapi. Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na ndugu zetu Waislamu walikuwa chini ya gogo moja.

Na gogo la mninga ni zito. Halibebwi na watu wasiosemezana. Tunawakumbuka majirani wawili waliokuwa na kesi ya mpaka wa shamba kwa miaka mitatu. Mwaka mmoja walijikuta wameshika ncha mbili za gogo lile lile, na ili wasiangushane ilibidi waambiane: shusha, nyanyua, subiri. Jioni yake walikula sahani moja. Mpaka ule waliupima wenyewe wiki iliyofuata.

Kivuko hicho kilikuwa na mengi ya kukumbukwa. Wazee walitusimulia jinsi vijana wa Buha walivyopita hapo enzi za manamba, wakielekea mashamba ya mkonge ya Tanga, na jinsi mama zao walivyowasindikiza hadi kwenye magogo na kugeukia hapo. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilipowakusanya watu vijijini, kivuko kikawa kiungo cha watu ambao hapo kwanza hawakuwa majirani. Mabibi harusi wetu walikabidhiwa hapo. Jeneza lilipofika hapo, wabebaji walibadilishana. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba daraja hilo litaondolewa, hatukusikia habari za magogo. Tulisikia habari zetu.

Kosa la kwanza: tulishikilia

Ukweli ni kwamba daraja lilikuwa limechoka, na tulijua. Mininga ya karibu ilikwisha. Baba zetu walikata gogo kando ya kijito; sisi tulilifuata mwendo wa nusu siku, na kila mwaka msitu ulisogea mbali zaidi. Bodaboda zikaja na magunia ya maharage, na mwendesha pikipiki alilazimika kumshusha abiria avuke kwa miguu. Mvua kubwa ikinyesha, udongo ulisombwa, na fito zikabaki zinateleza.

Wakati huo madaraja ya mawe yalikuwa yameanza kuonekana mkoani Kigoma. Shirika la maendeleo la Ubelgiji, Enabel, lilisaidia kuanzisha ujenzi huo, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, ukaueneza. Daraja la mawe halihitaji nondo. Mafundi hujenga misingi imara kwenye kingo mbili, kisha husimamisha kiunzi chenye umbo la tao, na juu ya kiunzi hupanga mawe na kuyaunga kwa saruji na mchanga. Tao likishika vizuri, kiunzi huondolewa, na mawe hubaki yakikandamizana yenyewe kwa yenyewe. Mawe ni ya huku huku, vijana wa huku wanaweza kujifunza kazi hiyo, na gharama yake ni ndogo sana kuliko ya daraja la zege.

Mhandisi alikuja, akapima, akasema mahali pazuri ni juu kidogo ya kivuko cha zamani, hatua kama mia tatu, ambako kingo zimekaribiana na chini kuna mwamba. Kilichohitajika kwetu ni kukubaliana kuhusu ardhi ambayo njia mpya ingepita. Hapo ndipo tuliposhindwa. Katika mkutano wa kijiji tulisimama mmoja baada ya mwingine, na wazee wa kanisa tulikuwa mstari wa mbele. Tulisema baba zetu walivuka hapa. Tulisema mama wanaouza ndizi kichwani mwa daraja watapoteza wateja. Tulisema kijiji kisicho na mahali pake pa zamani ni kama mtoto asiyejua ukoo wake. Maneno hayo yote yalikuwa ya kweli. Mkutano ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, na masika yakaingia.

Katika masika hayo, usiku mmoja, mama mjamzito wa kijiji chetu alishikwa na uchungu. Wanaume wanne walimbeba kwa machela. Walipofika kwenye magogo walikuta udongo umesombwa na fito mbili hazipo. Walisubiri maji yapungue, na alfajiri wakavuka hatua kwa hatua. Aliyetangulia mbele ya machela alikuwa mmoja wa wazee waliosema mkutanoni kwamba daraja lisihamishwe. Mama alipona. Mtoto hakupona. Mganga wa zahanati hakusema kwamba ilikuwa kwa sababu ya kuchelewa, nasi hatukumwuliza. Hatukumwuliza kwa kuwa tuliogopa jibu.

Mazishini tulisema ni mapenzi ya Mungu. Hapo tuliongeza kosa juu ya kosa, kwa maana tulimtwisha Mungu jambo ambalo mikono yetu wenyewe ilikuwamo.

Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18, kinatueleza habari za mfalme Hezekia na nyoka wa shaba. Nyoka yule alitengenezwa na Musa jangwani kwa agizo la Mungu, na watu waliomtazama walipona. Vizazi vingi vikapita, akahifadhiwa, na mwishowe watu wakawa wanamfukizia uvumba. Hezekia akamvunja vipande vipande. Hakufanya hivyo kwa kuwa Musa alikosea. Alifanya hivyo kwa kuwa kitu kilicholetwa kuwaponya watu kilikuwa sasa kinaabudiwa badala ya yule aliyewaponya. Magogo yetu nayo yalilazwa pale na watu waliotaka jirani avuke salama. Siku tulipoyapenda magogo kuliko kuvuka salama kwa jirani, tulikuwa tumekwisha kuwaacha baba zetu, ingawa midomo yetu iliwataja kila mara.

Tangu hapo tumejifunza kujiuliza swali moja kila tunapotetea jambo la kale: ni nani anayelipa gharama ya mapenzi yetu? Sisi tuliolipenda sana daraja lile tulilivuka mchana, wakati wa kiangazi, tukiwa na fimbo mkononi. Aliyelipa ni mama aliyelivuka usiku wa masika.

Huzuni ya wazee si dhambi

Lakini hatupendi mtu asome haya akadhani kwamba waliohuzunika walikuwa wajinga. Baada ya msiba ule kijiji kilikubaliana haraka, na vijana wakawa wanawacheka wazee waliokwenda kukaa kimya karibu na magogo. Kama yameleta kifo, walituuliza, mnalilia nini?

Ezra sura ya 3 inatupa picha ya siku msingi wa hekalu la pili ulipowekwa. Watu walipiga kelele za furaha. Lakini makuhani na wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, hata ikawa vigumu kupambanua sauti ya kilio na sauti ya shangwe. Maandiko hayawakemei waliolia. Wala hayasemi ujenzi ulisimamishwa kwa ajili yao. Msingi uliendelea kuwekwa, na vilio vilikuwa na nafasi yake katika siku ile ile. Tunadhani hilo ni fundisho kubwa kwa kanisa linalobadilisha chochote, iwe jengo, lugha ya ibada au daraja: jenga, lakini usimnyime mzee nafasi ya kulia, wala usimfanye machozi yake yawe kizuizi cha msingi.

Kwetu nafasi hiyo ilipatikana kwa njia rahisi. Magogo mawili kati ya matatu yalikuwa bado mazima moyoni. Mzee mmoja alimwomba fundi ayatumie katika kiunzi cha tao jipya. Fundi akakubali. Kwa muda wote ambao mawe yalikuwa hayajaweza kujibeba, yalibebwa na magogo ya baba zetu. Tao liliposhika, magogo yakatolewa, na seremala akayapasua kutengeneza benchi mbili. Zipo leo kichwani mwa daraja jipya, chini ya mwembe, na akina mama wa ndizi wamehamia hapo. Ile hofu ya wateja kupotea ilimalizwa na benchi mbili na kivuli. Hatukuwaza hilo wakati wa mikutano, kwa sababu tulikuwa tunabishana kama daraja libaki au liondoke, na hakuna aliyewauliza akina mama wenyewe wanahitaji nini.

Kosa la pili: tuliachilia

Daraja la mawe likakamilika, na tukamshukuru Mungu. Septemba ikafika. Hakuna aliyeitwa, na hakuna aliyekuja. Tulipoulizana tulijibiana kwamba hilo sasa ni daraja la serikali.

Nyasi zikaota kwenye mifereji ya kando hadi ikaziba. Maji ya mvua yakaacha mfereji na kupita juu ya njia. Baadhi ya vijana wetu wakaanza kuchota mchanga karibu na msingi na kuuza kwa malori, nasi tuliwaona, na wengine wetu tulinunua mchanga huo. Masika ya pili yalipokwisha, ukingo mmoja ulikuwa umeanza kuliwa. Mawe yalikuwa mazima kabisa. Kilichokuwa kimeoza ni sisi.

Na kulikuwa na upotevu mwingine ambao haukuonekana kwa macho. Majirani wawili waliogombana juu ya mpaka mwaka huo hawakukutana popote isipokuwa kwenye baraza la ardhi. Hatusemi daraja jipya limeleta ugomvi. Tunasema hapakuwa tena na gogo la kuwakutanisha. Tulikuwa tumeogopa kupoteza mahali, na mahali hatukupoteza. Tulipoteza Septemba.

Hapa ndipo tulipoelewa kile tulichokuwa tukikitetea pasipo kukijua. Daraja la zamani lilikuwa la kijiji kwa sababu kila mmoja alikuwa akidaiwa. Ukoo uliotoa gogo mwaka huu uliwadai wengine mwaka ujao, na aliyekula maharage ya akina mama alidaiwa kuni. Deni hilo ndilo lililotufanya watu wamoja, na deni halikukaa katika mti. Lingeweza kuhamia kwenye jiwe kama tungelihamisha. Serikali inaweza kutujengea daraja, na tunaishukuru, lakini haiwezi kutudai kwa niaba ya jirani yetu.

Kumbukumbu hukaa wapi?

Jambo hili si la kijito chetu peke yake. Ukishika barabara kwenda kaskazini, ukapita Kibondo, Kakonko na Nyakanazi, ukaendelea kuelekea mpaka wa Rwanda, utafika Rusumo. Daraja la zamani la pale lilikuwa jembamba, la gari moja kwa wakati. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka kukimbilia Ngara. Ni madaraja machache duniani yaliyobeba maumivu ya kiasi hicho. Hata hivyo magari ya nchi jirani yalihitaji njia pana, na tarehe 6 Aprili 2016 Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walizindua daraja jipya mahali hapo.

Je, kumbukumbu ya waliovuka ilikwenda na wembamba wa daraja? Sisi wa nyanda hizi tunajua haikwenda. Tumeishi na wakimbizi kutoka Burundi na Kongo miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu mwaka 1996, na Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015. Wapo waumini waliopokea wageni jikoni mwao kabla kambi hazijapangwa. Kumbukumbu ya kuvuka hukaa kwa aliyepokewa na kwa aliyempokea. Mlango ukifungwa kwa mgeni anayekuja leo, hapo ndipo kumbukumbu hufa, hata kama daraja la zamani lingehifadhiwa kwa rangi na uzio.

Sasa hata hapa kwetu mambo makubwa yamekuja. Mradi wa barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, wenye kilomita zipatazo 260 na uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unageuza safari zetu. Mgonjwa anafika hospitali mapema. Hilo peke yake linatosha kumshukuru Mungu. Lakini basi linalopita kwa kasi darajani halina sababu ya kusimama, na aliyekuwa akiuza karanga mahali magari yalipopunguza mwendo anabaki anayatazama. Kwa hiyo wapendwa wenzetu ambao daraja lenu halijafikiwa, mhandisi akija msibishane naye kama sisi. Muulizeni mapema: mwenye miguu atapita wapi? Mwenye ndoo atashukia wapi majini? Mama wa ndizi atakaa wapi? Maswali hayo hayacheleweshi ujenzi yakiulizwa kabla, na hayana majibu yakiulizwa baadaye.

Mawe ya kuulizwa na watoto

Yoshua sura ya 4 inasema Waisraeli walipovuka Yordani walitwaa mawe 12 kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha Gilgali, ili siku moja watoto waulize maana yake. Tunaona kwamba mawe yenyewe hayakutosha. Alihitajika mtoto wa kuuliza, na alihitajika mzazi aliye karibu wa kujibu. Jiwe lisilo na mzazi kando yake ni jiwe tu.

Kwa hiyo mwaka jana tulirudisha Septemba. Mchungaji wetu alikubaliana na shehe na mapadre, mwenyekiti akaitisha watu, na siku ya Jumamosi tukaenda na majembe na mafyekeo. Tulizibua mifereji, tukapanga mawe kwenye ukingo ulioliwa, na vijana wa mchanga wakakubali kuchota mbali chini ya daraja. Watoto waliuliza kwa nini benchi zina alama za fito, tukawaeleza.

Kabla ya kuanza kazi, wazee wa kanisa tulisimama mbele ya watu. Yule mama aliyempoteza mtoto alikuwapo. Tulimwomba radhi kwa masika yale, jambo ambalo tulipaswa kulifanya mazishini. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Wazee wangu, nimewasamehe. Ila msiache nyasi zizibe tena." Akachukua ndoo yake ya mawe, akateremka ukingoni.

Toba yetu ameipimia hapo, na tunadhani ameipima sawasawa. Septemba ijayo tutajulikana kama tulimaanisha. Mungu atusaidie kuachia kwa wakati yale yanayowaumiza wanyonge, na atuamshe mapema siku ya kazi.